Karai la Omena Lina Kilo Ngapi? Jinsi Takwimu za Samaki wa Ziwa Victoria Zinavyopatikana

Alfajiri katika ufuo wa Usenge, kaunti ya Siaya, mashua zilizokesha zikivua omena, dagaa wa ziwa hili, hurejea taa zikiwa zimezimwa, na kabla jua halijapanda akina mama wanunuzi huwa wamekwisha kuingia majini hadi magotini, kila mmoja na karai lake. Karani wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, husimama kando na daftari. Anachoandika si kilo bali ni makarai: mashua hii imeleta saba, ile imeleta kumi na moja na nusu. Baadaye mtu mwingine, aliye mbali na ufuo huo, atataka kujua hizo ni kilo ngapi, na hapo ndipo ugumu wa takwimu za uvuvi unapoanzia. Karai la omena wabichi wanaochuruzika maji halina uzito sawa na lile lililokaa nusu saa likajichuja. Lililosawazishwa kwa kiganja si sawa na lililorundikwa mpaka likafanya kilima. Na karai la ufuo huu si lazima lilingane na la ufuo wa jirani. Mtakwimu makini hupima makarai kadhaa kwa mizani katika kila ufuo, akatafuta wastani wake, na akaandika pia jinsi yalivyojazwa. Asipofanya hivyo, kosa la kilo mbili kwa karai moja huzidishwa kwa maelfu ya makarai ya msimu mzima, likageuka kuwa tani ambazo hakuna mtu aliyepata kuziona.

Katika mabishano yanayozuka kila mwaka kuanzia Migori hadi Busia kuhusu kufungwa kwa uvuvi, nyavu zinazokatazwa na vizimba vya kufugia samaki vinavyoongezeka, husikika kauli kwamba takwimu zimeonyesha hili au lile, kana kwamba ziwa lina takwimu moja. Ukweli ni kwamba kuna hesabu ya wavuvi na zana zao, kuna hesabu ya samaki wanaofikishwa nchi kavu, kuna makadirio ya samaki waliomo majini, na kuna vipimo vya maji yenyewe. Kila moja hukusanywa kwa njia yake na kwa wakati wake, na hujibu swali lake peke yake. Anayelichukua jibu la swali moja akajibu kwalo swali jingine atakosea hata kama kila tarakimu aliyoisoma ni sahihi, na kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni kudhani kwamba samaki waliovuliwa ndio kipimo cha samaki waliomo.

Hesabu ya kwanza ndiyo rahisi kueleweka. Tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kwa uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja. Makarani huzifikia fuo zote, visiwa vikiwemo, wakahesabu mashua, wavuvi, injini, ndoano, taa, na nyavu kwa ukubwa wa macho yake. Sensa hizo zimeonyesha kwamba upande wa Kenya, ambao ni kama asilimia 6 tu ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, una wavuvi wapatao 40,000. Hiyo ni picha ya nguvu inayoelekezwa kwa samaki. Kuhusu samaki wenyewe haisemi lolote.

Hesabu ya samaki wanaofika ufuoni ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna idara inayoweza kumweka mtakwimu katika kila ufuo kila siku. Kinachofanyika ni kuchagua fuo chache na siku kadhaa za mwezi, kupima kinacholetwa na baadhi ya mashua za kila aina ya zana, kisha kuyakuza matokeo hayo kwa idadi ya mashua iliyopatikana katika sensa. Uzuri wote wa kazi hiyo umo katika uteuzi wa siku na mahali. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi hupumzika. Mtakwimu aliyepangiwa siku zake zote katika wiki ya giza atapandisha mavuno ya mwezi mzima kutokana na wiki iliyo bora kuliko zote, na aliyepangiwa wiki ya mbalamwezi ataandika umaskini usiokuwapo. Kwa hiyo ratiba nzuri ya kukusanya data za omena hupangwa kwa kuutazama mwezi wa angani pamoja na ule wa kalenda. Kuna pia samaki wasiofika ufuoni kabisa: mbuta, yaani sangara, huweza kuuzwa majini, mashua kwa mashua, kwa wanunuzi wenye barafu, na wengine huvuka mpaka kabla hawajapimwa, wakaingia katika hesabu ya nchi jirani au wasiingie popote.

Tuseme hesabu hiyo ya mavuno imekamilika bila kasoro. Bado haijatueleza hali ya samaki waliobaki ziwani. Nitoe mfano wa kubuni. Mvuvi anatega nyavu 20 za mbuta na kupata kilo 40 kwa usiku, yaani kilo mbili kwa wavu. Miaka mitano baadaye anatega nyavu 60 na kupata kilo 60. Anayejumlisha kilo peke yake ataripoti kwamba mavuno yamepanda kwa asilimia 50. Aliyeandika na idadi ya nyavu ataona kwamba kila wavu sasa unaleta kilo moja, nusu ya ilivyokuwa, na kwamba mvuvi huyo anafanya kazi mara tatu, kwa gharama kubwa zaidi, ili kulificha pengo ambalo huenda hata yeye mwenyewe hajaliona. Rekodi isiyotaja idadi ya nyavu, saa zilizokaa majini na umbali ambao mashua ilikwenda ni nusu ya rekodi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya hatari, kwa sababu mara nyingi hutoa habari njema. Hata wavu au taa yenyewe huweza kubadilika tukiendelea kuihesabu kama moja: taa moja ya betri na sola ya siku hizi haiwezi kuwekwa safu moja na karabai ya zamani bila ya kueleza tofauti ya mwanga wake.

Ghuba ya Winam, ile inayoingia nchini Kenya hadi Kisumu, ilitoa somo hili zamani sana. Nyavu za kutega zilizotengenezwa viwandani ziliingia huko mwaka 1905, wakati ghuba ikiitwa Kavirondo, na mwanzoni wavu mmoja ulileta makumi ya ngege, aina ya tilapia, kwa usiku. Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alipofanya utafiti wa kwanza wa kina kuhusu samaki wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta wavu wa namna hiyo ukileta samaki wachache tu karibu na Kisumu. Kilichomwezesha kuuona upungufu huo ni kuhesabu samaki kwa kila wavu badala ya kuridhika na shehena iliyofika sokoni, na akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5.

Lakini kumbukumbu hizo zina mtego ambao msomaji wa leo wa Kisumu anapaswa kuujua. Ngege aliyepimwa na Graham si yule tunayemla leo kwa ugali pale kando ya ziwa. Yule wa asili amekuwa adimu mno ziwani, na anayeuzwa sasa kwa jina hilohilo kwa sehemu kubwa ni tilapia wa Mto Naili, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, katika kipindi kilekile ambacho mbuta naye aliletwa. Jina limebaki, samaki amebadilika. Mtu akichukua safu ya «ngege» ya mwaka 1928 na safu ya «ngege» ya miaka hii akaziunganisha kwa mstari mmoja, atakuwa amechora historia ya samaki wawili tofauti akidhani ni mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa fulu, jina ambalo Wajaluo hulitumia kwa mamia ya spishi ndogo ndogo, nyingi kati yake zikiwa zimetoweka baada ya mbuta kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980. Karani akiandika «fulu, karai moja», haiwezekani tena kujua ni spishi ipi iliyopona na ipi iliyokwisha.

Milango ya mito inastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya mahali pengine, na kwa bahati mbaya ndiko vipimo vinakokosekana mara kwa mara. Ningu, samaki aliyekuwa akipendwa sana katika nchi ya Waluo na Waluhya, hukaa ziwani lakini hupanda mitoni mvua zinapoanza ili kutaga mayai. Wavuvi waliujua wakati huo, wakatanda nyavu kwenye milango ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu. Mavuno yakawa makubwa kwa kuwa samaki wote waliotawanyika ziwani walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, wakiwa na mayai tumboni. Daftari la ufuo wa karibu na mlango wa mto lingeonyesha neema hadi miaka ya mwisho mwisho, kisha kimya. Ili hatari ile ionekane mapema, ilihitajika taarifa ya aina nyingine kabisa: urefu wa samaki, iwapo ana mayai, na mwezi aliovuliwa. Ubao wa kupimia urefu, wenye rula iliyopigiliwa juu yake na kipande cha mbao cha kuegemeza mdomo wa samaki, haugharimu fedha nyingi, nao huweza kufichua kwamba samaki wanaoletwa ni wadogo mwaka baada ya mwaka ingawa jumla ya kilo haijashuka.

Waliozoea pwani watatambua kwamba mlango wa mto unaoingia baharini, kama wa Sabaki karibu na Malindi au wa Tana, una jambo ambalo Nyando haina, nalo ni chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, maji ya mto karibu hayana, na mchanganyiko wake hubadilika kila maji yanapojaa na kupwa, kiasi kwamba kipimo kisichotaja saa ya kupwa au kujaa hakina thamani kubwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye kituo pia hapa Kisumu, hufanya kazi katika mazingira yote mawili, na mbinu hazihamishwi tu kutoka moja hadi jingine. Huku ziwani, ambako hakuna chumvi ya kutofautisha maji ya mto na ya ghuba, hutumika uwezo wa maji kupitisha umeme, joto lake na tope lake. Mvua ikinyesha kwa wingi katika milima ya Nandi, Nyando huleta maji mekundu mazito yanayoonekana wazi yakisukumana na maji ya kijani ya ghuba, na kwenye mpaka huo wa rangi mbili mpimaji anayejua kazi yake huchukua sampuli pande zote mbili.

Uwazi wa maji hupimwa kwa chombo ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa, kisahani cha Secchi: bamba la upana wa sentimita 20 lililopakwa nyeusi na nyeupe kwa robo, likateremshwa kwa kamba yenye alama hadi lisionekane tena. Katika maji ya mbali ya ziwa, vipimo vya nusu ya kwanza ya karne iliyopita vilikionyesha kisahani hicho zaidi ya mita 6 chini. Ndani ya Ghuba ya Winam siku hizi mara nyingi hupotea kabla ya kufika mita moja, kwa sababu ya tope na mwani unaolishwa na mbolea na uchafu unaoteremka kutoka nchi kavu.

Oksijeni ndiyo kipimo ambacho wafugaji wa samaki wamelazimika kukijali kwa uchungu. Vizimba vya tilapia katika upande wa Kenya vimeongezeka haraka tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 hadi kuzidi 3,000, vingi vikiwa vimetiwa nanga karibu na ufuo ambako ni rahisi kuvilinda na kuvilisha. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi sana walikufa vizimbani katika ghuba, wakaelea matumbo juu kwa siku kadhaa, na watafiti wakaeleza kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa oksijeni. Ili kuelewa kwa nini mfugaji aliyepima maji yake adhuhuri akaridhika angeweza kuamka na kukuta hasara, ni lazima kuelewa saa. Maji ya ziwa hili, yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi na yakiwa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, yakishiba hewa hubeba kama miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, na kipimo huweza hata kupita hapo. Usiku mwani huo huo hupumua, samaki hupumua, na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini ya kizimba hupumua pia; hakuna anayetengeneza. Kiwango hushuka saa baada ya saa, na cha chini kabisa hufikiwa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Tilapia huanza kutaabika kinapokuwa chini ya miligramu 3.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni cha saa kumi na moja alfajiri. Mpimaji hukaa kwenye ukingo wa kizimba, akateremsha kihisio kwa waya polepole: nusu mita, mita moja, mbili, tatu, akisubiri kila mara tarakimu itulie kabla ya kuandika. Juu inaweza kuwa 4, na kwenye sakafu ya kizimba ikawa 1.5. Akipima juu peke yake ataondoka na amani isiyo na msingi. Tena hatari nyingine hutoka chini kabisa: maji ya kina, yaliyokaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya juu, huishiwa na oksijeni, na upepo mkali unapobadili mwelekeo huyasukuma yakapanda juu hadi kwenye vizimba kwa muda mfupi tu. Kipimo cha mara moja kwa mwezi hakiwezi kukamata tukio la namna hiyo. Kinachohitajika ni kihisio kinachokaa majini usiku na mchana, na pia vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kizimba kuwekwa, kwa sababu bila hali ya mwanzo ya kulinganishia hakuna atakayeweza kusema kama tope jeusi lililo chini limeletwa na chakula cha samaki au lilikuwapo tangu zamani. Naona vipimo hivyo vya awali vinapaswa kutangulia kibali chochote.

Samaki waliomo katika ziwa pana hutafutwa kwa mwangwi. Meli ya utafiti hupita katika mistari iliyopangwa ikipeleka sauti chini, na kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki huirudisha. Mbuta mkubwa huonekana kama alama ya peke yake, omena kama wingu. Upimaji wa aina hii wa ziwa zima umefanywa tangu mwaka 1999, na una faida ya kutotegemea mvuvi wala soko. Udhaifu wake ni kwamba hauoni vizuri samaki walio karibu sana na sakafu au na uso wa maji, na meli haiwezi kufanya kazi katika maji ya kina kifupi, ilhali Ghuba ya Winam kwa wastani ina kina cha mita chache tu. Setilaiti nazo hutambua mwani na gugu maji kwa rangi, zikafunika ghuba yote kwa picha moja, lakini huona uso tu, na siku ya mawingu hazioni kitu. Ndoo ya maji inayotekwa kutoka kwenye mtumbwi wakati setilaiti inapita ndiyo inayoipa ile picha maana.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kiwango cha juu kilichowahi kurekodiwa mwaka 1964 na kukipita kidogo. Fuo nyingi zilizama, mabanda ya kupimia samaki yakaingia maji, na wavuvi wakahamia mahali papya pa kutia nanga. Mpangilio wa sampuli unaotegemea orodha ya fuo za zamani huweza kupungukiwa na mashua bila mashua hata moja kuondoka ziwani, na anayesoma takwimu za kipindi hicho hana budi kukumbuka maji yalikuwa wapi.

Yote haya hurudi kwa karani wa ufuo na mvuvi aliye mbele yake. Mvuvi anayedhani kwamba daftari litamletea kodi au kufungiwa atapunguza makarai anapojibu, na anayetumaini msaada wa nyavu atayaongeza. Wote wawili wana sababu zao, kwa kuwa mara nyingi wamehojiwa bila ya kurudishiwa jibu. Mahali ambapo matokeo ya mwezi uliopita yameandikwa kwa chaki kwenye ubao wa banda la BMU, wavuvi huyabishia hadharani, na mabishano hayo husahihisha makosa ambayo hakuna kompyuta ingeyagundua: mashua iliyoandikwa mara mbili, usiku wa dhoruba uliohesabiwa kama usiku wa uvuvi.

Uvuvi wa omena katika upande wa Kenya hufungwa tarehe 1 Aprili na kufunguliwa baada ya tarehe 31 Julai. Wiki za kwanza za Agosti, zikilinganishwa na zile za mwisho za Machi katika hali hiyohiyo ya mwezi angani, ndizo zinazoweza kuonyesha kama miezi minne ya kusubiri imewapa omena nafasi ya kukua. Wiki hizo ufuo huwa na pilikapilika nyingi, kila mnunuzi anataka kuwahi, na kumwomba mama aliyekwisha kulipa asubiri karai lake litundikwe kwenye mizani ni kumwomba jambo kubwa. Karani wa Usenge huanza na makarai matatu kwa kila mashua ya tano, hungoja maji yachuruzike, huandika kilo, huandika idadi ya taa, kisha humpisha apite.